Manowari ya Bomba Tatu: Utayari wa Vita Baharini Ulivyopimwa Zanzibar na Rufiji



Siku hizi ni nadra taarifa ya habari kupita bila kutaja manowari. Marekani imepeleka meli zake huku, China imeshusha nyingine majini kule, na India na Urusi nazo zimo. Watangazaji hutuhesabia: huyu anazo karibu 300, yule amempita. Nasi tunaosikiliza huishia kupima nguvu za mataifa kama watoto wanaohesabiana gololi. Baadhi yenu mmetuuliza kama hesabu hizo zina maana. Zina maana, lakini ndogo kuliko inavyodhaniwa. Mfano wa kulieleza jambo hili tunao hapa hapa kwetu, katika bandari ya Zanzibar na katika mikoko ya mto Rufiji, miaka ya 1914 na 1915.

Huenda mwingine akashangaa waseminari na waamini wa parokia wana shughuli gani na mizinga ya meli. Kila Misa tunaomba amani. Si vibaya basi tukajua vita huandaliwaje, na huandaliwa na nani, na wapi.

Mashindano yalianzia mbali

Mwaka 1890 afisa mmoja wa jeshi la majini la Marekani, Alfred Thayer Mahan, alitoa kitabu kilichoeleza kwamba taifa linaloitawala bahari huitawala biashara, na kwa njia hiyo huwashinda wapinzani wake. Kaisari Wilhelm II wa Ujerumani alikipenda kitabu hicho mno. Mwaka 1898, na tena mwaka 1900, bunge la Ujerumani lilipitisha sheria za kujenga jeshi kubwa la majini chini ya Admirali Alfred von Tirpitz. Tirpitz hakutafuta kuwa na meli nyingi kuliko Uingereza. Alitaka awe nazo za kutosha kumfanya Mwingereza aogope hasara atakayoipata akithubutu kupigana.

Mwaka 1906 Uingereza ilijibu kwa meli iliyoitwa Dreadnought, yenye mizinga mikubwa mingi na mwendo wa kasi, ambayo ilizifanya manowari zote zilizotangulia zionekane za kizamani. Za Waingereza wenyewe zilikuwa miongoni mwa hizo zilizozeeka ghafla, na hivyo mashindano yakaanza karibu upya, safari hii kwa gharama kubwa zaidi.

Sasa tazama yaliyofuata, kwa maana hapo ndipo pwani yetu inapoingia. Aliyekuwa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza tangu 1904, Admirali John Fisher, aliamua kuzikusanya meli bora karibu na kwao, zielekee Bahari ya Kaskazini alikokuwa Mjerumani. Meli kuukuu nyingi ziliondolewa kazini, na vituo vya mbali vikaachiwa zile zilizobaki. Uamuzi huo ulikuwa na akili. Hata hivyo shuka lilikuwa fupi: lilipofunika kichwa, miguu ilibaki nje. Miguu hiyo ilikuwa ni sisi.

Ulinzi wa maji yote tangu Rasi ya Tumaini Jema hadi pwani ya Afrika Mashariki ulikuwa mikononi mwa kikosi cha Admirali Herbert King-Hall, chenye manowari tatu za ukubwa wa kati, aina iitwayo kruza: Hyacinth, Astraea na Pegasus. Zote tatu zilishushwa majini kabla ya mwaka 1900. Kwenye orodha zilihesabika meli tatu.

Mgeni wa Dar es Salaam

Mwezi Juni 1914 iliingia Dar es Salaam kruza ya Kijerumani, Königsberg, ikiongozwa na nahodha Max Looff. Ilikuwa na mizinga kumi ya sentimita 10.5 na mwendo wa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Wenyeji walioitazama kutoka ufukweni waliiita manowari ya bomba tatu, kwa sababu ya zile dohani zake tatu za moshi. (Neno lenyewe manowari tulilichukua kwa mabaharia wa Kiingereza, na hadi leo hatujalirudisha.)

Tarehe 31 Julai, vita ikiwa inanukia Ulaya lakini haijatangazwa kati ya mataifa hayo mawili, Königsberg iling'oa nanga. Meli za King-Hall zilikuwa zinaisubiri nje, ziifuate kila iendako ili vita ikitangazwa tu ziishambulie. Usiku ukaingia, mvua ikanyesha, Königsberg ikaongeza mwendo, na zile tatu zikaachwa. Injini zao hazikuweza kukimbia kiasi hicho. Huo ulikuwa mtihani wa kwanza wa utayari, na ulishindwa kabla risasi ya kwanza haijatoka.

Uingereza ilitangaza vita tarehe 4 Agosti. Siku mbili baadaye Königsberg iliikamata meli ya biashara ya Kiingereza, City of Winchester, iliyokuwa imebeba chai, karibu na Ghuba ya Aden. Ilichukua makaa yake ya mawe kisha ikaizamisha. Hapa tukae kidogo kwenye hayo makaa. Meli ya mvuke hula makaa mchana na usiku, na kruza ikikimbia hula mara nyingi zaidi ya ikitembea. Mwingereza alikuwa na vituo vya makaa Aden, Mombasa, Zanzibar, Bombay na Cape Town. Mjerumani katika Bahari ya Hindi hakuwa na mtandao wa namna hiyo. Bandari yake ya kutegemea ilikuwa Dar es Salaam, na tarehe 8 Agosti, siku ambayo Astraea ilikuja kuupiga mnara wa mawasiliano wa mji huo, Wajerumani wenyewe walizamisha gati lao linaloelea kwenye mlango wa bandari ili adui asiingie. Adui hakuingia. Lakini na Königsberg nayo haikuweza tena kurudi nyumbani kwake.

Ndipo Looff alipoingia Rufiji, mwanzoni mwa Septemba. Ramani za Waingereza hazikuonyesha kwamba meli kubwa kiasi kile ingeweza kupita kwenye mikondo ya delta. Wajerumani walijua kwamba inawezekana, maana meli yao ndogo ya upimaji, Möwe, ilikwisha kupima vina vya maji yale wakati wa amani. Kazi ya kuchosha ya kushusha kamba yenye risasi majini na kuandika namba, ambayo hakuna gazeti lililoisifu, iliipa manowari nzima maficho kwa miezi kumi.

Jumapili ya Pegasus

Katikati ya Septemba boila na mitambo ya Pegasus vilihitaji matengenezo. Kamanda wake, John Ingles, aliiingiza bandarini Zanzibar na mafundi wakaanza kazi. Hapakuwa na uzembe katika hilo, kwa maana meli isiyotengenezwa hufia baharini. Tatizo ni kwamba hapakuwa na meli nyingine ya kuilinda Pegasus wakati boila zake zimezimwa. Kikosi cha meli tatu, moja ikiwa kwa fundi na nyingine mbili zikiwa kazini mbali, kwa siku hiyo ni kikosi kisicho na meli hata moja mahali inapotakiwa.

Waangalizi wa Kijerumani wa pwani walipeleka habari Rufiji kwamba kruza ya Kiingereza imeingia Zanzibar. Looff akatoka na maji kujaa. Alfajiri ya Jumapili tarehe 20 Septemba 1914 alifika mbele ya bandari na kufungua mizinga. Pegasus ilijibu, lakini makombora yake yaliangukia majini kabla ya kumfikia adui, kwa kuwa mizinga yake ilikuwa ya zamani na haikufika mbali. Isingeweza pia kusogea. Shambulio halikuzidi nusu saa. Mabaharia 31 walikufa papo hapo, wengine zaidi ya 50 wakajeruhiwa, na mchana wa siku hiyo meli ikazama.

Habari hii huandikwa mara nyingi kama ushujaa wa Looff. Sisi tunaiona zaidi kama habari ya ratiba ya karakana, maana siku chache kabla au siku chache baadaye mambo yangekuwa tofauti.

Na bahari haikumpendelea Looff pia. Alikuwa amekusudia kutoka hapo aanze safari ya kurudi Ujerumani, lakini alipokuwa akiondoka Zanzibar sehemu ya pistoni katika injini yake mojawapo ilivunjika. Hapakuwa na kipuri. Akarudi Rufiji, vyuma vilivyovunjika vikafunguliwa, na wapagazi wakavisafirisha nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, kisha wakavirudisha delta. Fikiria njia za wakati ule, matope na vyuma vizito vya manowari. Mafundi walifanikiwa. Lakini vilipokuwa vinatengenezwa, Waingereza walikuwa wamekwisha kuamka.

Meli moja iliyofunga nyingi

Kuzama kwa Pegasus kuliitia London aibu, na sasa meli mpya zilizokuwa hazipatikani zikapatikana: Chatham, Dartmouth na Weymouth. Tarehe 19 Oktoba mabaharia wa Chatham waliipekua meli ya Kijerumani Präsident iliyokuwa Lindi ikijifanya ya hospitali, wakakuta karatasi zinazoonyesha makaa yaliyopelekwa Rufiji. Tarehe 30 Oktoba Chatham ilizitambua milingoti ya Königsberg kati ya mikoko.

Kuiona hakukutosha. Kruza za Kiingereza zilikuwa nzito kwa maji yale, na mizinga yao haikumfikia Looff alipojisogeza ndani zaidi. Mwezi Novemba walizamisha meli kuukuu, Newbridge, ili kuziba mkondo mmoja. Mikondo mingine ilibaki wazi. Walileta ndege za baharini, lakini joto na unyevu wetu viliziachanisha gundi. Wakateka kisiwa cha Mafia Januari 1915 wapate mahali pa kutua na kutengeneza. Wakaleta hata manowari kubwa Goliath, na kutoka Australia ikaja Pioneer.

Hapa ndipo mkakati wa baharini unapoonekana waziwazi. Looff hakupigana tena tangu Septemba. Makaa yalikuwa haba, mabaharia wake waliugua malaria, na wengine walipelekwa nchi kavu. Hata hivyo, kwa kuwa ilidhaniwa tu kwamba anaweza kutoka, Mwingereza alilazimika kuacha meli nyingi mlangoni usiku na mchana, zikila makaa na kuchosha injini, wakati zilihitajika kwingine. Tirpitz angefurahi: mdogo alikuwa akimgharimu mkubwa bila kumshinda. Mataifa ya leo yenye meli chache lakini makombora na nyambizi za kutosha hucheza mchezo huo huo, na ndiyo sababu mkubwa hawezi kutulia.

Ujerumani ilijaribu kuwasaidia watu wake. Meli Rubens, iliyojifanya ya Denmark, ilikuja na makaa, risasi na vifaa. Aprili 1915 ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na huko Hyacinth ikaikuta na kuipiga. Sehemu kubwa ya shehena iliokolewa na kuwafikia askari wa nchi kavu wa Kanali Paul von Lettow-Vorbeck. Lakini makaa hayakufika Rufiji, na bila makaa Königsberg ilikuwa ngome ya chuma iliyokwama matopeni.

Mwisho wake haukuletwa na meli kubwa. Brazil ilikuwa imeagiza Uingereza boti bapa za mizinga, zinazoitwa monita, kwa ajili ya mto Amazon. Vita ilipoanza Uingereza ilizichukua. Mbili kati yake, Severn na Mersey, zisizohitaji hata mita mbili za maji, zilivutwa kutoka Malta kupitia Suez hadi Mafia. Tarehe 6 Julai 1915 ziliingia mtoni, zikapiga mamia ya makombora, nazo zikapigwa, zikarudi bila ushindi. Tarehe 11 Julai zilirudi tena. Safari hii mtazamaji aliyekuwa ndani ya ndege aliwaambia wapigaji kila kombora lilipoangukia, warekebishe, na aliendelea hata ndege yake ilipopigwa na kuanza kushuka. Königsberg ikashika moto. Looff akaamuru meli yake ilipuliwe kwa torpido.

Mizinga yake yote kumi ilitolewa majini. Ilitengenezwa Dar es Salaam, ikafungwa magurudumu, ikavutwa kwenye kampeni ya nchi kavu iliyodumu hadi Novemba 1918. Mmoja ulifungwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, ambayo wasafiri wa Kigoma wanaijua kwa jina la Liemba. Mizinga mingi haikuvutwa na ng'ombe wala magari, kwa kuwa mbung'o waliwaua wanyama. Ilivutwa na watu. Makumi ya maelfu ya wapagazi wa Kiafrika walikufa katika kampeni hiyo, kwa njaa na magonjwa zaidi kuliko kwa risasi, na jina la Kariakoo linatokana na kikosi cha wapagazi wa Waingereza. Sheria za majini za Ujerumani za 1898 na Dreadnought ya 1906 zilifika mabegani mwa watu ambao hawakuwahi kuiona Bahari ya Kaskazini.

Makaa yamekwisha, tatizo halijaisha

Mtu atasema hayo ni mambo ya mvuke. Tumpe mfano wa karibu. Mwaka 2017 meli mbili za kivita za Marekani zenye kituo chao Japani, za kisasa na za gharama kubwa, ziligongana na meli za biashara bila adui yeyote kuwepo. Fitzgerald iligongana mwezi Juni na mabaharia 7 wakafa. John S. McCain iligongana mwezi Agosti karibu na Singapore, wakafa 10. Wakaguzi wa Bunge la Marekani walieleza kwamba kufikia Juni mwaka huo asilimia 37 ya vyeti vya mafunzo ya kivita vya wafanyakazi wa meli za aina hiyo zenye kituo Japani vilikuwa vimepitwa na muda. Wachunguzi wa ajali ya McCain walitaja uchovu na mafunzo hafifu. Watu waliokuwa kwenye usukani hawakuuelewa vizuri mtambo wa vioo vya kugusa uliowekwa ili kurahisisha kazi yao, na baadaye jeshi liliamua kurudisha mikono ya kawaida ya kuongozea mwendo.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Kwa sababu eneo lile ndilo la mashindano na China na Korea Kaskazini, na kila siku palikuwa na kazi mpya ya haraka. Jeshi la majini huwa na kanuni isiyopendwa na wanasiasa: ili meli moja iwe kazini muda wote, unahitaji takriban tatu, moja kazini, moja mafunzoni, moja kwa fundi. Mashindano yanapopamba moto, wakubwa hukata muda wa fundi na wa mafunzo kwanza, maana ukikatwa leo hakuna anayeona. Anayeona ni baharia wa zamu ya usiku, baadaye.

Kwa hiyo, msomaji, ukisikia kwamba taifa fulani lina manowari 300, uliza ngapi ziko gatini zimefunguliwa injini. Uliza mafuta yatatoka wapi na vipuri viko bandari gani. Swali la bandari ndilo linaloturudisha kwetu. Djibouti peke yake leo ina kambi za Ufaransa, Marekani, Japani na Italia, na China ilifungua ya kwake mwaka 2017. Julai na Agosti 2024 China, Tanzania na Msumbiji zilifanya zoezi la pamoja lililoitwa Amani Umoja. Aprili 2025 zamu ikawa ya India, iliyoendesha zoezi la baharini pamoja na Tanzania na nchi nyingine za Afrika, likizinduliwa Dar es Salaam. Hatusemi mazoezi hayo ni mabaya. Maharamia na wavuvi haramu wapo, na askari wetu wa majini wanahitaji mafunzo. Tunasema tu kwamba wakubwa wanaposhindana hutafuta gati, karakana na ramani za vina vya maji mapema, wakati wa amani, kama Möwe ilivyofanya Rufiji, na serikali za pwani hii zinayo haki ya kuuliza kila mgeni anapima nini.

Atakayepata nafasi ya kutembelea Fort Jesus, Mombasa, atakuta mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus. Watalii wengi hupiga picha na kupita. Mabaharia wa Pegasus wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji wa Zanzibar, na mashua za hapo mjini hufika.